Kibo kwa bakuli la uji

Mimi sina ugomvi na Mlima Kilimanjaro wenyewe. Ugomvi wangu ni kwamba unaonekana kutoka dirisha la jikoni kwetu, hapa Rau, pembezoni mwa mji wa Moshi, na chini ya dirisha hilo ndipo binti yangu wa miaka 4 huketi kila asubuhi mbele ya bakuli la uji wa ulezi, akilitazama kama mtu aliyeletewa barua ya kudaiwa.

Kumlisha mtoto huyu kunastahili mshahara. Kijiko cha kwanza huingia kwa nyimbo, cha pili kwa vitisho, na cha tatu hukaa shavuni mpaka saa mbili, wakati mimi nimekwisha kuchelewa kazini na tai yangu ina mabaka ya uji. Basi Jumanne moja ya mwezi wa Julai, mwezi ambao baridi ya Moshi humfanya mtu mzima aahidi lolote ili mradi mambo yaishe, nilitamka maneno ninayoyajutia hadi leo: "Ukimaliza uji wote, baba atakupeleka Kibo," yaani kilele kirefu kuliko vyote vya mlima huo.

Uji ulikwisha kabla sijafunga kamba za viatu. Nilipoinua uso, alikuwa amesimama mlangoni amevaa mabuti ya mvua ya kaka yake, la kulia katika mguu wa kushoto, na mgongoni ana begi la shule lenye mto wake wa kulalia na ndizi mbivu moja.

"Twende, baba," akasema, "kabla jua halijayeyusha barafu."

Nilimweleza kwamba kilele kina urefu wa mita 5,895, kwamba watu hupanda kwa siku kadhaa wakiwa na wapagazi, na kwamba taratibu za hifadhi haziruhusu mtoto aliye chini ya miaka 10 kufika kileleni. Alinisikiliza kwa adabu kubwa, kisha akauliza swali moja tu: "Wewe ulishafika?" Hapo nilikohoa. Nimezaliwa Moshi, nimekula mtori wa Moshi kwa miaka 41, nimewaonyesha wageni mlima huo kwa kidole kana kwamba niliujenga mwenyewe, lakini sijawahi kuvuka lango la Marangu. (Wenzangu wa hapa mnajijua, kwa hiyo msinicheke.)

Kilichoniokoa ni wingu. Nilimwambia kwamba mlima umejifunika blanketi, umelala, na mlima uliolala haupandwi. Kisha, kwa tamaa ya mzazi anayeona njia imenyooka, nikaongeza kwamba mlima ukilala na watoto hulala. Kwa siku tatu alilala mchana bila vita, nami nikaanza kujiona mtaalamu wa malezi, hata nikamshauri jirani. Siku ya nne, saa 12 jioni, nilimwahisha kitandani ili nisikilize taarifa ya habari kwa utulivu. Ndiyo kwanza namfunika, wingu likafunguka, kilele cha Kibo kikatokea kimepakwa rangi ya dhahabu, naye akaruka juu ya godoro akitangaza kwa sauti kwamba mlima umeamka. Usiku huo mimi ndiye niliyetangulia kulala.

Sitasema mengi kuhusu kisa cha wazee cha Mawenzi, kilele jirani, aliyezoea kwenda kwa Kibo kuomba moto mpaka akapigwa na kubaki na mabonde usoni. Nilikisimulia mara moja tu. Sasa kaka wa binti yangu akimwomba kuazima kalamu ya rangi hupigwa kwa mwiko, na binti akihojiwa hujibu kwamba hata Kibo alifanya hivyo.

Jumapili tulikwenda Kibosho kumsalimia mama yangu, na mashtaka yote yakafikishwa mbele yake na mshtaki aliyekuja na mabuti na begi lake. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akanywa chai yake, akanigeukia. "Baba Eliya, umemdanganya mtoto. Nenda kakate isale."

Kwetu Wachagga isale ndilo jani la kuombea msamaha, na aliyeletewa hilo hana pa kukatalia, hata hasira yake iwe ya miaka mingapi. Nikatoka, mtu mzima na ndevu zangu, nikaenda kwenye ua wa kihamba, shamba la migomba la familia, nikachuma jani, nikalifunga fundo kama nilivyomwona babu akifanya, nikapiga goti mbele ya mtu anayevaa viatu kinyume.

Alilipokea kwa mikono miwili. Alilitazama mbele na nyuma, akalinusa, kisha akampelekea mbuzi wa bibi aliyefungwa karibu na migomba. Mbuzi alipolikataa, alirudi, akapanda mapajani mwangu na mabuti yake yenye matope, akaegemea kifua changu na kuninong'oneza kwamba amenisamehe. Halafu akauliza kesho tunaondoka saa ngapi, maana ndizi iliyo ndani ya begi imeshakuwa nyeusi.