Mizabibu ya Dodoma haina majira ya baridi

Naamini Dodoma inaweza kutoa mvinyo wa baiodainamiki wa kujivunia. Naamini pia kwamba tutaharibu kazi yote tukiichukua kalenda ya kazi za shamba ya Ulaya kama ilivyo na kuibandika hapa Hombolo.

Asili ya kilimo cha baiodainamiki ni mihadhara ambayo Rudolf Steiner, mwanafalsafa wa Austria, aliwapa wakulima mwaka 1924 huko Koberwitz, ambako leo ni Poland. Kiini chake ni kwamba shamba ni mwili mmoja: mifugo, mazao, udongo na wadudu hulishana, na rutuba itoke humo humo shambani badala ya kununuliwa kwa mfuko. Juu ya hapo kuna maandalizi yenye namba, yaani dawa za asili za kuupa udongo na mimea nguvu. Namba 500 ni samadi mbichi inayoshindiliwa ndani ya pembe ya ng'ombe jike, ikafukiwa wakati wa vuli ya Ulaya na kufukuliwa baridi ikiisha. Kiasi kidogo hukorogwa kwenye maji kwa saa nzima, kisha hunyunyizwa ardhini.

Hatuzungumzii jambo lililo mbali nasi. Nicolas Joly wa bonde la Loire, Ufaransa, alianza kulima hivyo miaka ya 1980 kwenye shamba la Coulée de Serrant, na zabibu yake ni Chenin Blanc. Chenin Blanc ndiyo zabibu nyeupe tunayolima sisi pia, pamoja na Makutupora yetu nyekundu iliyopewa jina la mahali hapa hapa.

Tatizo ni majira. Kule mzabibu hulazwa na baridi. Hapa, nyuzi sita tu kusini mwa ikweta, haulali mpaka mkulima aamue: anapunguza maji, anapogolea, na macho mapya yanachipua. Ndiyo maana tunavuna mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba. Wakulima wa Afrika Kusini na Australia wamegeuza tu tarehe, kwa kuwa nao wana baridi yao. Sisi hatuna baridi ya kugeuzia. Tuna mvua ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, milimita kama 550 hadi 600, kisha ukavu mtupu. Ukifukia pembe Septemba kwa kufuata kitabu cha Wajerumani, utaifukia kwenye ardhi ngumu isiyo na unyevu, na hakuna kitakachooza humo. Mimi ningeifukia mvua za kwanza zikinyesha na kuifukua Mei, kwa sababu huo ndio muda ambao udongo wetu una uhai.

Ila pembe yenyewe hainikoseshi usingizi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005, uliofanywa kwenye shamba la zabibu za Merlot huko California, ulilinganisha kilimo hai cha kawaida na cha baiodainamiki kwa miaka kadhaa, na haukukuta tofauti ya ubora wa udongo. Pande zote mbili zilitumia mboji. Kwangu jibu liko kwenye mboji.

Na hapo Ugogo una utajiri tunaoupita kila siku. Ng'ombe wapo. Samadi ipo, imerundikwa nyuma ya mazizi kuanzia Mpunguzi hadi Mvumi. Lakini iangalie kwa karibu: imeachwa juani, imepauka, ukivunja bonge kwa mkono unakuta vumbi na vipande vya majani ambavyo havijaoza, na nguvu yake nyingi imeshapotea hewani. Lundo lililofunikwa kwa nyasi na kumwagiwa maji ya kuoshea vyombo ni kitu kingine kabisa. Ukiingiza mkono ndani unasikia joto, na baada ya miezi michache inakuwa nyeusi, inavunjika vidoleni na haina harufu ya zizi. Mkulima anayeweka hiyo kwenye mashina, akapanda kunde katikati ya mistari, amekwisha kufanya sehemu kubwa ya alichokifundisha Steiner, hata kama hajawahi kulisikia jina lake.

Mavuno ya masika ndiyo mtihani wa kweli. Mvua inaleta magonjwa ya ukungu na vichala kuoza. Salfa inaruhusiwa, shaba kwa kipimo kidogo, dawa za viwandani hapana. Kwa hiyo majani yanayofunika vichala lazima yaondolewe kwa mkono ili hewa ipite, na kuna misimu mkulima atapoteza sehemu ya mzigo. Anayemwambia vinginevyo anamdanganya.

Tukishafanya yote hayo, zabibu zinakwenda wapi? Nyingi zinakamuliwa na kuuzwa kama mchuzi wa zabibu, wa kijiji hiki ukichanganywa na wa kijiji kile, na sukari ikiongezwa baadaye kwa wateja waliozoea mvinyo mtamu. Kwenye mchanganyiko huo jasho la aliyetunza udongo halionekani. Ithibati ya Demeter, shirika linalothibitisha mazao ya baiodainamiki, nayo ina gharama ambazo mwenye ekari moja hawezi kuzibeba peke yake. Hiyo ni kazi ya ushirika.

Kwa hiyo nawaomba wenye viwanda wajaribu na tangi moja tu. Wachukue mavuno ya Agosti ya kijiji kimoja kinacholima kwa mboji, waache yachachuke kwa hamira yake ya asili bila kuongeza sukari, na waandike kwenye chupa jina Makutupora na jina la kijiji. Walipe kwa kipimo cha utamu wa zabibu, si kwa kilo pekee. Na bei waitangaze kabla ya kupogolea, kwa maana huo ndio wakati mkulima anapiga hesabu kama avute mkokoteni wa samadi au akope mfuko wa mbolea dukani.