Nakuja sasa hivi: mbwa ndani ya gari na jua la Tabora

Jumamosi moja mwishoni mwa mwezi wa tisa, kama saa tano asubuhi, IST moja ya silva ilipaki mbele ya duka langu hapa Tabora mjini, mi nauza spea za magari karibu na soko. Akashuka kijana namfahamu kwa sura tu, siti ya nyuma kaacha mbwa jike, German Shepherd, bado mdogo mdogo. Walikuwa wanatoka kwenye chanjo, maana tarehe 28 mwezi wa tisa ndo siku ya kichaa cha mbwa duniani na wiki ile watu wengi wanapeleka mbwa wao. Akaniambia kaka nakuja sasa hivi, naingia sokoni mara moja. Vioo kaacha wazi vidole viwili kila upande, gari kaliweka chini ya mwembe. Ukimwangalia huyo ni mtu anayempenda mbwa wake, kamchanja, kamtafutia kivuli, kamwachia hewa, na mi sikuona kosa lolote.

Sasa hivi ikawa dakika arobaini. Kivuli kikahama. Mbwa alianza kuhema ulimi nje, mate yakawa mazito yanavutika kama ute wa yai, akakwaruza kioo, akabweka, alafu akaacha kubweka akalala pembeni ya mlango na ndo hapo mi niliogopa. Watu wakajaa. Kijana mmoja kaokota tofali anataka kuvunja kioo, mzee mmoja tunakaa nae barazani akamdaka mkono, we mwanangu hilo ni gari la watu, mwenyewe akitokea akakukuta na tofali akapiga kelele ya mwizi hapa sokoni nani atakusikiliza? Tukabaki tunabishana na mbwa ndani anaisha. Aliyemwokoa ni muuza dawa za panya na kunguni, wale wanaotembea na spika, akatangaza namba ya gari na mwenye gari akaja mbio na mifuko yake mkononi. Mbwa alitolewa miguu haina nguvu, akatapika, tukammwagia maji, akapelekwa kwa daktari wa mifugo. Akapona, ila siku mbili nzima hakula kitu.

Toka siku ile barazani kwetu ubishi haujaisha, na mi nilikuwa napoteza mara kwa mara kwasababu nilikuwa na hasira tu sina hoja, nikakaa nikasoma. Nilichokikuta ni kwamba kila upande una haki mahali fulani, na pengine hata upande wangu mi mwenyewe nilikuwa naukosea.

Wapo wanaosema haya ni matatizo ya Wazungu. Mbwa wa Tabora hapandi gari, anashinda nje, analinda nyumba, anaenda porini na wawindaji na warina asali, ni wangapi wanakaa kwenye siti ya nyuma? Na hata huko kwa wenye mbwa wa kwenye magari, hoja hii ina ushahidi. Chuo cha mifugo cha London, Royal Veterinary College, na wenzao walipitia kumbukumbu za kliniki za wanyama Uingereza, utafiti ulitoka 2020, wakakuta mbwa wengi walioumwa kwa joto, karibu watatu kati ya wanne, ilitokana na mazoezi, yani kukimbizwa au kutembezwa kwenye joto. Waliotokana na gari walikuwa kama 5 tu kwa kila 100. Kwahiyo anayesema tunapigia kelele gari tunasahau mengine, asidharauliwe. Hapa kwetu mtoto anapanda baiskeli saa saba mchana mbwa anakimbia nyuma yake mpaka Ipuli na kurudi, hamna anayeona shida. Mbwa anafungwa mnyororo mchana kutwa kwenye kibanda cha mabati, bakuli la maji limepinduka toka asubuhi. Hilo nakubali, ni kubwa kuliko gari.

Lakini kuna tofauti moja ambayo mi naiona nzito. Mbwa aliye nje akizidiwa anajua la kufanya, utamkuta kachimba shimo chini ya mwembe kalala kwenye udongo wa baridi, au kaingia mtaroni kwenye maji. Ndani ya gari huo ujuzi wake wote hauna kazi. Na magari yanaongezeka, mbwa wa mbegu za nje wanaongezeka, watu wanaagiza watoto wa mbwa Mwanza na Dar wanakuja kwa basi na kwa magari binafsi, hizi ni safari za masaa mengi na za kusimama simama njiani. Tuliyoyaona siku ile tutayaona tena.

Sasa hili la kivuli na vioo, hapa ndo ubishi ulipokuwa mkali zaidi. Mwenye gari alijitetea kwa nia njema kabisa, niliacha vioo wazi, niliweka kivulini. Ukweli gari halipati joto kama chumba kinavyopata. Jua linapita kwenye kioo, linapiga dashibodi, siti, usukani, hivyo vitu vinashika moto na vyenyewe ndo vinachemsha hewa iliyo ndani, na hewa haina pa kutokea. Madaktari wa Stanford Marekani walipima gari la rangi nyeusi nyeusi siku 16 tofauti, nje ikiwa nyuzi 22 mpaka 36, matokeo yakatoka 2005. Ndani joto lilipanda wastani wa nyuzi 22 kwa saa moja, na asilimia 80 ya huko kupanda ilitokea ndani ya nusu saa ya kwanza. Wakajaribu kushusha vioo kama sentimita 4, yani vilevile vidole viwili vya jamaa yangu, haikusaidia cha maana. Tabora mwezi wa tisa na wa kumi, kabla mvua hazijaanza, mchana nje tunagusa 32, 33. Piga hesabu mwenyewe, nusu saa tu unaikaribia 50.

Kwenye kivuli hapo wanaotetea wana kitu. Watafiti wengine wa Arizona na San Diego, 2018, walipaki magari juani na mengine kivulini siku za joto la zaidi ya nyuzi 37. Baada ya saa moja yale ya juani hewa ya ndani ilifika wastani wa 47 na dashibodi 69, yale ya kivulini hewa 38 na dashibodi 48. Tofauti ni kubwa, siwezi kusema kivuli ni bure. Ila hiyo 38 ni joto la mwili wa mbwa mwenyewe akiwa mzima, maana yake hewa anayovuta haimpunguzii chochote. Alafu hizo ni namba za gari lililobaki kivulini saa nzima. Kivuli cha mwembe hakikai, ukipaki saa nne upande wa magharibi wa mti, saa sita jua liko juu ya bati la gari lako, na we bado uko sokoni unasalimiana. Na tuseme ukweli, "nakuja sasa hivi" yetu haina saa. Unatoka dukani unakutana na shemeji, mwangaluka, mwangaluka mayu, habari za nyumbani, watoto, mashamba, huwezi kumkatisha mtu ukamwambia nina mbwa kwenye gari. Mi simlaumu mtu kwa kusalimia. Nasema tu anayepanga dakika tano hapa kwetu ajue anapanga nusu saa.

Mbwa mwenyewe kaumbwa tofauti na sisi. Jasho lake liko kidogo tu kwenye nyayo, kinachompoza ni kuhema, mate na unyevu wa ulimi ukikauka unaondoka na joto. Ndani ya gari lililofungwa ile pumzi yake inajaza unyevu hewani, ni kama sufuria lenye mfuniko, unyevu ukijaa hakuna kinachokauka na kuhema kunabaki kazi bure, tena kazi yenyewe ya kuhema inamwongezea joto. Mwili wake wa kawaida ni nyuzi 38 mpaka 39 na kidogo, ukipita 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Wale wenye pua fupi kama bulldog na pug ndo hali mbaya kabisa, na mbwa mnene au mzee hivyohivyo.

Wengine wanasema basi acha injini inaunguruma na AC iwake. Inaweza kufaa ukiwa unaliona gari. Ila kwa bei ya mafuta, na gari lililowashwa ufunguo umo ndani pale sokoni, nani anafanya? Na kompresa ikikata hakuna taarifa utakayopata, Marekani hata mbwa wa polisi wameshakufa hivyo, AC imezima askari yuko ndani ofisini.

Kuna jambo lingine watu hawapendi kulisema wazi nalo ni buti. Mji wetu una Waislamu wengi, na mate ya mbwa kwa mafundisho tuliyolelewa nayo ni najisi, chombo kinaoshwa mara saba moja wapo kwa udongo, kwahiyo mtu hawezi kumweka mbwa kwenye siti anayokalia mama yake akienda msikitini. Anamtia kwenye buti ya Corolla anafunga. Mi naielewa sababu na naiheshimu, ila buti ya gari la saluni kupaki nayo juani ni mbaya kuliko siti, haina hata kioo cha kumwona kama bado anahema. Yule mzee aliyedaka mkono wa tofali, ni ustadhi, ndo alitukumbusha barazani hadithi ya mtu aliyekuta mbwa analamba udongo kwa kiu, akashuka kisimani akajaza maji kwenye kiatu chake, akakishika kwa meno akapanda nacho akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Yule mtu alijisumbua kwa ajili ya mnyama huyohuyo wa najisi. Suluhisho lipo, pikapu yenye hewa, Noah ukiinua siti za nyuma ukatandika turubai, au kumtembeza kwa miguu asubuhi, au mtaalamu wa chanjo aje mtaani kwenu, maana zoezi likifanyika Kiloleni kwa watu wa Kiloleni hakuna haja ya gari.

Sasa tofali. Hapa nimebadilika kabisa. Siku ile nilikuwa upande wa kijana, nikaona mzee anajali kioo kuliko roho. Wanaotetea kuvunja wanaleta mfano wa California, toka 2017 sheria inamlinda raia aliyevunja gari kumwokoa mnyama. Ni kweli, ila uisome yote. Lazima gari liwe limefungwa kweli na hakuna njia nyingine, uwe umeshapiga simu polisi au zimamoto kabla ya kuvunja, usitumie nguvu kupita kiasi, na ubaki pale na mnyama mpaka wahusika wafike. Hata wao hawakumpa mtu ruhusa ya kuokota tofali tu. Sisi tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, kumtesa mnyama ni kosa, lakini barabarani saa tano asubuhi hakuna anayekuuliza sheria, wanaona mtu anavunja gari. Watu wamekufa nchi hii kwa kelele ya mwizi. Mzee alikuwa anamwokoa yule kijana.

Ila mzee nae aliishia kukataza, na kukataza peke yake kungetuachia maiti ya mbwa. Kilichonisumbua sana nikifikiria ni kwamba mlango wa tatu kutoka kwangu kuna fundi anayefungua IST iliyofungiwa ufunguo kwa waya, dakika mbili tatu, namwona kila wiki. Hakuna hata mmoja wetu aliyemkumbuka, wote tulikuwa tunaangalia tofali. Tungemwita yeye, tukamwita na mwenyekiti wa mtaa au hata wenye maduka wanne wasimame mashahidi, mmoja anarekodi kwa simu, mwingine anatangaza kwa spika, mbwa angetoka dakika kumi na tano kabla. Na kama fundi hayupo, na mbwa ameshalegea, basi kioo kivunjwe mbele ya hao mashahidi, kioo kidogo cha pembeni mbali na alipolala. Naviuza, bei yake naijua, hailingani na roho.

Akishatoka, maji ya kawaida mwili mzima na kupepewa, mara moja palepale kabla hata ya kutafuta usafiri, alafu ndo daktari. Sisi tulimfunika khanga iliyolowa tukaiacha juu yake tukidhani tunasaidia, nikaja kujua ile inafungia joto, maji yamwagike na upepo upite. Maji ya kunywa mwekee mbele, usimlazimishe. Na hata akisimama apelekwe, kwasababu figo na damu zinaweza kuharibika baadae wakati kwa nje anaonekana mzima.

Wa mwisho ni yule anayeniuliza kila mara, watu wanateseka we unaandika mbwa? Ule utafiti wa Stanford wa nyuzi 22 haukufanywa kwa ajili ya mbwa. Ulifanywa na madaktari kwasababu ya watoto wanaosahaulika kwenye magari, na mwili wa mtoto unapanda joto haraka kuliko wa mtu mzima. Mwezi uleule wa tisa nimeona mtoto kalala kwenye Noah pale pale chini ya mwembe, vioo vidole viwili, mama kaingia dukani. Nilimfuata mpaka ndani kumwita, akanishangaa kwanza, alafu akatoka.

Yule jamaa wa IST siku hizi akija sokoni na mbwa wake anashuka nae. Anamfunga kwenye nguzo ya baraza yangu upande ambao jua halifiki mpaka jioni, ndoo ya maji ipo, na namba yake ya simu kaiandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye kadibodi ameiweka nyuma ya kioo cha gari.