McDowell: kaunti iliyotoa makaa ya mawe, sasa inaambiwa ihame

Kila mwandishi wa gazeti kubwa la Marekani anapopelekwa kusini kabisa mwa jimbo la West Virginia, hurudi na swali lilelile: kwa nini watu wa kule hawahami? Sensa ya 1950 ilikuta watu 98,887 katika kaunti ya McDowell. Ile ya 2020 ilikuta 19,111. Basi wamehama, tena kwa wingi ambao kaunti chache za nchi hiyo zimewahi kuushuhudia. Na hata hiyo idadi ya 2020 imo ndani yake wafungwa wa gereza la serikali kuu lililofunguliwa karibu na mji wa Welch mwaka 2010, kwa sababu sensa ya Marekani humhesabu mfungwa mahali anapofungiwa, si kwao.

Mabishano kuhusu McDowell yana pande mbili, na zote zina watu makini. Upande mmoja unasema fedha za umma zimsaidie mtu popote alipo, zisipigane na soko ili kufufua mahali ambapo sababu yake ya kuwepo imekwisha. Upande wa pili unasema mahali nako kuna haki zake, hasa mahali palipochukuliwa mali kwa miaka mia moja. Mimi naona pande zote mbili zimechanganya mambo mawili: kuleta ajira na kuleta maji. Lakini kwanza tuione kaunti yenyewe, kwa sababu hoja nyingi huanguka zikikutana na milima yake.

McDowell ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,385 hivi, na ardhi tambarare ni adimu. Ni milima iliyosongamana, yenye miteremko mikali, na katikati yake mabonde membamba ambamo hupita mito ya Tug Fork, Elkhorn Creek na Dry Fork. Mji wa Welch, makao makuu ya kaunti, umebanwa pale Elkhorn inapoungana na Tug Fork. Ukifuata Elkhorn kuelekea mashariki unakutana na Kimball, Keystone na Northfork, miji iliyojipanga mmoja baada ya mwingine, na kote huko reli, barabara, mto na nyumba vinagombania ukanda uleule mwembamba. Mvua kubwa ikinyesha, maji hayana pa kwenda ila sebuleni kwa watu. Mafuriko ya 2001 na 2002 yalikuja yakifuatana. Februari 2025 yakaja mengine, na kukawa na vifo.

Kaunti ilianzishwa mwaka 1858 kwa kumegwa kutoka Tazewell, enzi hizo ikiwa bado sehemu ya Virginia. Mwaka 1880 ilikuwa na watu 3,074 tu, wakulima wadogo na wawindaji waliotawanyika mabondeni. Kilichobadilisha kila kitu ni reli ya Norfolk and Western, iliyotoboa mlima na kuingia bonde la Elkhorn mwaka 1888. Ndani ya milima ile kulikuwa na mkanda wa makaa ya mawe uitwao Pocahontas namba 3, makaa yasiyotoa moshi mwingi, yaliyopendwa na jeshi la majini na yaliyofaa kabisa kwa matanuri ya chuma. Kufikia 1910 watu walikuwa 47,856. Kufikia 1930 walikuwa 90,479.

Watu hao walitoka wapi? Wengine walitoka Italia, Hungaria na Poland. Wengi walikuwa Wamarekani weusi kutoka Virginia, North Carolina na Alabama, waliokimbia kilimo cha kugawana mavuno na mwenye shamba na sheria zilizowanyima kura. West Virginia haikuwanyima kura, na jambo hilo lilizaa siasa ambayo haikuwezekana kusini zaidi. Keystone kulikuwa na gazeti la Weusi, McDowell Times. Mwaka 1928 Minnie Buckingham Harper wa McDowell aliteuliwa kushika kiti cha marehemu mumewe katika bunge la jimbo, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa mbunge katika bunge lolote nchini Marekani. Mwaka 1950 Elizabeth Simpson Drewry wa Northfork alikipata kiti chake kwa kura. Mwaka huohuo wa 1928, pale Kimball, lilizinduliwa jengo la kuwakumbuka askari weusi wa Vita Kuu ya Kwanza, nalo lipo hadi leo. Nayataja haya kwa sababu picha ya McDowell inayosambazwa ni ya kaunti ya wazungu maskini tu, na anayetaka kuamua hatima ya mahali anatakiwa kwanza kujua ni kwa nani.

Gharama ya makaa ililipwa kwa mwili. Januari 10, 1940, mlipuko katika mgodi wa Bartley uliua wachimbaji 91. Na aliyethubutu kudai haki aliona cha moto: Agosti 1, 1921, Sid Hatfield, mkuu wa polisi wa mji wa Matewan aliyesimama na wachimbaji, alipigwa risasi akipanda ngazi za mahakama ya Welch mchana kweupe, akiwa na mkewe. Waliomuua, walinzi wa kukodiwa wa wenye migodi, waliachiwa huru. Hasira ya mauaji hayo ndiyo iliyowasukuma maelfu ya wachimbaji wenye silaha kuandamana mpaka mlima Blair mwishoni mwa mwezi huo.

Sasa tuje kwenye ardhi, ambapo naona ndipo mzizi wa fitina. Kabla treni ya kwanza haijafika, mawakala walikuwa wameshapita mabondeni wakinunua ardhi na haki za madini kwa bei ya kutupa. Kampuni ya reli yenyewe ikaja kumiliki eneo kubwa kupitia kampuni tanzu ya ardhi, na wachimba makaa wakawa wapangaji wake wanaolipa mrahaba. Mchimbaji aliishi nyumba ya kampuni, alinunua unga katika duka la kampuni, mara nyingi kwa sarafu za kampuni, na alikunywa maji ya bomba la kampuni. Utafiti wa umiliki wa ardhi katika milima ya Appalachia uliochapishwa mwaka 1981 ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya ardhi na madini iko mikononi mwa wamiliki wasioishi huko, na kwamba kodi ya ardhi waliyolipa ilikuwa ndogo mno.

Anguko lilipokuja halikutokana na makaa kwisha. Mwaka 1950 chama cha wachimbaji chini ya John L. Lewis kilikubaliana na wenye migodi: mashine ziingie, na wanaobaki kazini wapate mshahara mzuri, matibabu na pensheni. Ulikuwa mkataba mzuri kwa aliyebaki. Wakati huohuo treni zilikuwa zikihamia dizeli na nyumba zikihamia mafuta na gesi. Kati ya 1950 na 1960 kaunti ilipoteza watu zaidi ya 27,000, na wachimbaji weusi ndio waliotangulia kupunguzwa. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ya chuma ya U.S. Steel ikafunga shughuli zake katika mji wa Gary, humuhumu McDowell, na wimbi la pili likaondoka. Leo makaa ya kuyeyushia chuma bado yanachimbwa na kusafirishwa nje ya nchi, ila kwa mikono michache.

Hapo katikati serikali kuu ilikuja. John F. Kennedy alipita McDowell akiomba kura mwaka 1960, akaona watoto wanaoishi kwa chakula cha msaada. Alipokuwa rais alianzisha majaribio ya kuponi za chakula, na Mei 29, 1961, mchimbaji asiye na kazi kutoka Paynesville, baba wa familia kubwa, akawa mtu wa kwanza kuzitumia, katika duka moja pale Welch. Mpango huo leo unalisha makumi ya mamilioni ya Wamarekani.

Wanaosema watu wasaidiwe kuhama wana hoja nzito, na si haki kuwaita wakatili. Mwaka 2010 mwanamume wa McDowell alitarajiwa kuishi miaka 63.9, wakati wa kaunti ya Fairfax, Virginia, mwendo wa saa sita hivi kwa gari, alitarajiwa kuishi karibu miaka 82. Kipato cha kaya ya kati kilikuwa chini ya dola 30,000 kwa mwaka wakati wa sensa ya 2020, huku cha taifa kikikaribia 65,000. Dawa za maumivu ziliingia kama utitiri na kuacha bibi na babu wakilea wajukuu. Mzazi akiambiwa mwanawe anaweza kuzaliwa upya kwa kubadilisha anwani, ana haki ya kusikiliza. Na upo ushahidi: majaribio yaliyoanza mwaka 1994 katika miji 5 ya Marekani yalizipa familia maskini vocha za kodi ya nyumba ili zihamie mitaa yenye umaskini mdogo. Mchumi Raj Chetty na wenzake walipofuatilia matokeo mwaka 2015 walikuta watoto waliohama kabla ya kutimiza miaka 13 wanapata, ukubwani, kipato kikubwa kwa asilimia 31 kuliko wenzao.

Kisha kuna gharama. Kupitisha bomba kwenye mwamba, kilomita kadhaa, ili kufikia nyumba chache bondeni, ni fedha ambazo mjini zingehudumia mtaa mzima. Watu wakipungua, wanaobaki wanabeba deni lilelile kwa mifuko michache zaidi.

Lakini zitazame hoja hizo kwa karibu. Utafiti wa vocha ulihamisha watu ndani ya eneo la mji uleule, kazi zilezile zikiwa karibu na ndugu wakiwa safari ya basi tu. Tena watoto waliohamishwa wakiwa wakubwa hawakupata faida hiyo. Kumtoa mama wa miaka 60 kutoka War au Iaeger, miji midogo ya kaunti hii, mwenye wajukuu watatu na nyumba isiyopata mnunuzi, ukampeleka Charlotte, jiji la North Carolina, apange chumba kwa bei ya soko, ni jambo jingine kabisa. Nyumba yake ni akiba yake yote, na akiifunga haimpi hata kianzio cha pango. Anayelea wajukuu wake hawezi kumwacha dada anayemsaidia kuwalea. Wenye uwezo wa kuhama walishafunga virago. Kuwaambia waliobaki wawafuate ni kuwapa ushauri usio na nauli.

Tena kuhama kwenyewe kunaumiza wanaobaki, na hili wachumi hulijua lakini hulipitia haraka. Januari 2016 Walmart ya Kimball ilifungwa. Lilikuwa duka kubwa la vyakula na mwajiri mkubwa kwa wakati mmoja, na watu wengi wakabaki na safari ndefu ya barabara za milimani ili kupata mboga mbichi. Kila kaya inayoondoka huacha mlipa kodi mmoja pungufu, mtoto mmoja pungufu darasani, na hoja moja zaidi ya kufunga shule. Sasa kaunti nzima ina shule mbili tu za sekondari ya juu.

Na maji? Kampuni zilipoondoka ziliacha mabomba na matangi ya enzi za mababu, bila wa kuyatunza. Keystone na Northfork waliishi kwa miaka mingi, katika muongo wa 2010, chini ya agizo la kuchemsha maji kabla ya kunywa. Mpaka leo wapo watu wanaosimamisha gari kandokando ya barabara, mahali ambapo bomba limechomekwa kwenye chemchemi au maji yanatoka kwenye mdomo wa mgodi wa zamani, wakajaza madumu ya plastiki moja baada ya jingine na kuyapanga nyuma ya gari. Huko ni Marekani, katika kaunti ambayo makaa yake yalipika chuma cha taifa zima.

Hapa ndipo ninapoachana na pande zote mbili. Upande wa kubaki unapoahidi kwamba McDowell itarudi kuwa ya 1950, unawadanganya watu. Mashine haitamrudisha mchimbaji kazini, na kiwanda hakiji mahali pasipo uwanja tambarare wala barabara kuu ya kasi. Utalii wa pikipiki za magurudumu manne kwenye njia za Hatfield-McCoy ni jambo jema, vyumba vya wageni Welch na War vinapata wateja, lakini hata njia hizo zinapita kwa ruhusa juu ya ardhi ya makampuni. Mwaka 2016 karibu robo tatu ya kura za kaunti zilikwenda kwa Donald Trump, aliyeahidi kurudisha makaa, ilhali mwaka 2008 kaunti hiyohiyo ilimchagua Obama. Watu waliojaribu pande zote mbili hawastahili ahadi ya tatu ya namna hiyo.

Upande wa kuhama nao unakosea unapolifanya bomba la maji kuwa uwekezaji unaopimwa kwa faida. Maji safi na mfumo wa majitaka ni deni. Makaa yalitoka, mrahaba ukalipwa, isipokuwa ulilipwa kwa wenye hisa wa Philadelphia na kwingineko. Kaunti ikishuka mpaka watu elfu kumi, hao elfu kumi bado wanadai.

Na deni linaweza kulipwa bila kungoja huruma ya Washington. West Virginia hutoza kodi ya hadi asilimia 5 ya thamani ya makaa yanayochimbwa, na sehemu kubwa huishia hazina ya jimbo, katika mji mkuu wa Charleston. Jimbo la Wyoming lilibadilisha katiba yake mwaka 1974 na kuanza kuweka sehemu ya kodi ya madini katika mfuko wa kudumu, ambao leo una mabilioni ya dola. West Virginia ilipitisha sheria ya mfuko kama huo mwaka 2014, miaka mia moja na zaidi baada ya treni ya kwanza, kisha haikuweka fedha za maana ndani yake. Makaa ya kuyeyushia chuma bado yanapanda treni pale Elkhorn. Sehemu ya kodi yake ifungwe kisheria kwa ajili ya mabomba ya kaunti zilizochimbwa, na wamiliki wa mbali watozwe kodi ya ardhi kwa thamani halisi ya kilicho chini yake. Vocha za kuhama zitolewe pia, kwa anayezitaka, na ziwe na nauli na miezi kadhaa ya pango ndani yake.