Soda ilipie uji

Kikao cha wazazi mwezi uliopita kilikuwa na ajenda moja: mchango wa uji. Mwalimu akasoma hesabu za unga, sukari, kuni na posho ya mpishi, kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka kuomba, kwamba waliolipa hawafiki nusu. Mbele yake meza kuu ilikuwa imepangwa soda, moja kwa kila mgeni. Badala ya kusikiliza nikawa nahesabu chupa.

Chupa ya mililita 350 ya soda ya kawaida ina sukari kama gramu 35, karibu vijiko tisa vya chai. Mwanangu akichota vijiko tisa nyumbani, nitamnyang'anya kopo. Akitaka soda, nampa hela aende dukani.

Soda hapa Tanzania inalipiwa ushuru wa bidhaa, lakini kwa lita. Ushuru hauulizi sukari imo kiasi gani, na hela ikishaingia mfuko mkuu wa Serikali, nenda katafute ya uji uone kama utaiona. Uingereza walipoanza kutoza kodi ya soda Aprili 2018 walipima sukari yenyewe: gramu 8 na kuendelea kwa kila mililita 100, peni 24 kwa lita; kuanzia 5 hadi chini ya 8, peni 18; chini ya hapo, bure. Na waliwaahidi wananchi mapema kwamba hela hiyo ni ya michezo na kifungua kinywa shuleni. Afrika Kusini walianza mwezi uleule, wakatoza kila gramu inayozidi 4 kwa mililita 100, ila makusanyo yakaenda kapu la jumla. Mimi nataka tupime sukari kama wao, lakini hela iandikwe kisheria kuwa ya sufuria la shule.

Mangi mwenye duka mtaani kwetu kanibishia: kodi hiyo atailipa mnywaji, tena maskini. Kweli. Lakini soda mtu anaweza kuiacha. Mchango wa uji hauachiki, maana mtoto atashinda njaa.

Lipo jambo gumu zaidi. Hazina ya Uingereza ilitarajia pauni milioni 520 mwaka wa kwanza. Viwanda vikapunguza sukari kabla kodi haijaanza, makadirio yakashuka chini ya nusu. Kodi hii ikifanya kazi yake vizuri, inajipunguza yenyewe. Kwa hiyo unga ubaki kwenye bajeti ya kawaida, hela ya soda inunue kinachokosekana: karanga, maharage, dagaa, mboga. Isije tu ikanunua sukari ya kutia kwenye uji, maana tutakuwa tumezunguka mbuyu.

Sikuyasema haya pale. Mchango ukapandishwa, tukanyoosha mikono, mimi pia. Soda mbili zilibaki hazijafunguliwa. Mwenyekiti akawagawia watoto waliokuwa wakichungulia dirishani.