Nauli ya kwenda Kibaha

Gari langu ni IST ya rangi ya fedha. Kwa Dar es Salaam hii, hiyo ni sawa na kusema nina kuku mweupe. Zimejaa mpaka sokoni unajikuta unahangaika na mlango wa gari la mtu, mwenyewe anakutazama amekaa ndani. Hilo nalisema mapema ili huko mbele nisionekane mjinga kupita kiasi.

Fundi wangu yuko Kimara, gereji ya chini ya mwarobaini. Huniita "bosi", na neno hilo limeshanigharimu kuliko matengenezo yenyewe. Kuna mwaka alinibadilishia taimingi belti. Laki na themanini pamoja na ufundi. Nililipa, nikashukuru, nikamwachia na ya soda. Miezi ikapita, nikamsimulia binamu yangu ambaye anaendesha malori ya kwenda Tunduma. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

"Dada, injini yako ni 1NZ. Ile haina taimingi belti. Ina cheni."

"Sasa alinibadilishia nini?"

"Hela. Kaitoa kwenye mkoba wako, kaihamishia mfukoni kwake."

Utauliza kwa nini nilirudi kwake. Jamani, fundi ni kama msusi. Hata akikuchoma sikio, unarudi, maana yeye ndiye anayejua kichwa chako kilipitia nini.

Ila safari hii nilirudi kwa akili. Binamu alinipa masharti: nunua oili na filta mwenyewe, piga picha ya kilomita kwenye dashibodi, kisha weka alama kwenye filta ya zamani, mahali ambapo fundi hatafikiria kuangalia. Oili na filta nilivifuata Gerezani. Hapo ndipo nilipojua kwamba injini hii inameza lita 3.7 ukibadilisha na filta yake, ilhali Fundi miaka yote ananiandikia lita 5. Ile lita na ushee imekuwa ikienda wapi, sijui. Labda kuna pikipiki mtaani kwao nimeilea bila kujijua.

Alhamisi usiku tukatandika mkeka chini ya bampa. Mimi namulika kwa simu, binamu kajilaza chali, mkono wote umezama ndani. Alama yenyewe ilikuwa rangi yangu ya kucha, nyekundu ile ya damu ya mzee. Akadondosha tone moja kwenye kitako cha filta, ukubwa wa punje ya harage. Na kwa kuwa chupa ilishafunguliwa, na Jumamosi nilikuwa na shughuli, iliyobaki nikaimalizia kwenye kucha zangu.

Ijumaa nikakabidhi gari, oili, filta na ufunguo.

"Kesho saa sita linatoka, bosi. Sevisi tu hii."

Jumamosi saa sita nikapiga simu. Kuna nati imegoma. Tena siyo nati ya kawaida, ni nati ya kijapani. Nisubiri Jumatatu.

Na mimi saa nane nilitakiwa Kibaha, kwenye mahari ya mpwa wangu, na nilikuwa nimeshavaa: sare ya kitenge, kilemba, kiatu kirefu. Nikajikokota mpaka Mbezi. Daladala zimejaa hadi mlangoni. Pembeni kuna michomoko, zile gari ndogo za watu zinazobeba abiria kimyakimya, dereva anaita kwa sauti ya mtu anayeuza siri: "Kibaha, Kibaha, elfu tatu, bado mmoja." Yule mmoja nikawa mimi.

Nikazunguka kushoto nyuma, nikaingia, nikauinua mlango kidogo, nikaufunga.

Jamaa niliyebanana naye akanitazama kwa heshima. "Mama, mlango huu umetushinda wote hapa. Umejuaje kwamba mpaka uinuliwe?"

Swali zuri. Hata mimi nilitaka kujua. Mkono ulikuwa umefanya kabla kichwa hakijaulizwa. Nikashusha macho. Kwenye kiti, katikati ya mapaja yangu na ya yule jamaa, kulikuwa na doa la juisi ya ukwaju. Juu ya kioo, stika ya twiga iliyobandikwa miguu juu. Mwanangu aliibandika akiwa na miaka minne, na mpaka leo anasisitiza kwamba twiga huyo amelala.

Nilikuwa ndani ya gari langu. Wanne nyuma, wawili wamekalia kiti kimoja cha mbele, na kwenye usukani kijana wa miaka kama ishirini anayetafuna miwa na kutemea dirishani.

"Naombeni nauli mapema wazee wangu, niweke wese," akasema. "Mwenye gari hajaacha kitu humu. Bahili huyo mama!"

Nikatoa elfu tano. Sheli tukaingia, akaweka mafuta ya hela yetu, akaniambia, "Mama mdogo, chenji yako elfu mbili tutaipata mbele ya safari."

Mwenye akili angepiga kelele palepale. Mimi nilikuwa na mahari saa nane, na isitoshe, nilitaka kusikia zaidi. Mara ngapi mtu anapata nafasi ya kusikia anavyosemwa, tena kwa elfu tatu? Nikamuuliza kwa upole, "Mwanangu, gari hii ya nani?"

"Ya mama mmoja hivi, imeletwa gereji. Fundi ananiachia naipiga jaribio wikiendi. Mama mwenyewe hajui kitu. Fundi anasema akiguswa bega tu analipa."

Gari zima likacheka. Nami nikacheka, kwa kuchelewa kidogo.

Tulipofika Kibamba, kwenye kila kibonde bushi za mbele zikiimba ko-ko-ko kama kawaida yake, nikatoa simu nikampigia Fundi.

"Fundi, habari ya kazi? Gari langu vipi?"

"Liko hapa, bosi! Tumelipandisha juu ya mawe, tairi zote chini. Hapa naongea nawe niko uvunguni, nimejaa oili mpaka kope."

"Pole sana baba. Usilale njaa."

Nikakata. Haikupita dakika, simu ya kijana ikaita. Mikono imeshika muwa na usukani, akaweka spika. "Oya, uko wapi? Yule mama kapiga, ana sauti ya wasiwasi. Ukishusha hao, piga tripu moja tu ya kurudi, halafu ulete gari." Kijana akajibu, "Mwambie nati bado imegoma!" Wakacheka wote wawili. Jamaa wa pembeni yangu akafuta machozi, akasema watu wa Dar tunaliwa sana.

Kiluvya, trafiki akapunga mkono.

Sijawahi kuona gari likinyamaza namna ile. Hata bushi zilinyamaza. Afande akainama dirishani, akahesabu vichwa kwa kidole, akarudia kuhesabu.

"Hii ni biashara."

"Hapana afande, ni familia. Tunaenda shughulini." Akamwonyesha sare yangu kama ushahidi.

"Gari la nani?"

"La mama mdogo."

"Mama mdogo yupi?"

Kijana akageuka. Macho yake yakapita juu ya abiria mmoja mmoja: kijana mwenye begi la shule, bibi mwenye kuku kwenye kikapu, jamaa wa pembeni. Yakatua kwangu yakiwa yanaomba radhi.

"Huyu hapa."

Nadhani lilikuwa neno la kwanza la kweli alilosema siku ile.

Afande akanikazia macho. "Mama, gari hili ni lako?"

Ningesema hapana, lingelala kituoni, na mimi ningeenda kuelezea mahari kwa simu. "Ni langu, afande."

"Namba yake?"

Nikamtajia bila kukohoa. Nikaongeza mwaka wa gari, bima inaisha mwezi gani, na kwamba kwenye buti kuna kreti moja ya soda isiyo na chupa. Akaenda akafungua buti. Kreti ipo. Akarudi amepoa, lakini sheria ni sheria: tulikuwa watu saba kwenye gari la watu watano. Akaandika faini, shilingi 30,000, akabonyeza kimashine chake, karatasi ikatoka. Faini za namna hii zinakaa kwenye namba ya gari, kwa hiyo hata sikuhitaji kuuliza nani atalipa.

Tulipoondoka, gari lililipuka kwa shangwe. Bibi wa kuku alinibariki. Kijana alikuwa anatetemeka kwa furaha. "Mama mdogo, wewe ni hatari! Namba umeikariri saa ngapi? Na ile kreti, uliiona lini?"

"Nina macho mepesi, mwanangu."

"Ukipata shida yoyote ya gari, uje gerejini kwetu. Nitamwambia Fundi asikupige."

Akanishusha Maili Moja, akanifungulia mlango mwenyewe, na kwa msisimko ule wote akasahau chenji. Kwenye mahari nilikula pilau sahani mbili, kwa hasira.

Jumatatu asubuhi nikaenda Kimara. Gari lilikuwa limeoshwa linang'aa, lipo kwenye jeki kama linavyotakiwa lionekane. Dashibodi ilikuwa imeongeza kilomita 212. Fundi akaeleza kwamba oili mpya lazima izungushwe.

"Na filta ulibadilisha?"

"Bosi! Chungulia mwenyewe."

Akanitandikia boksi chini, nikapiga goti, akanimulikia. Filta imefutwa kwa petroli mpaka inameremeta. Kwenye kitako chake kuna tone jekundu, ukubwa wa punje ya harage.

"Na hii rangi nyekundu, Fundi?"

"Aa, hiyo ni alama ya kiwandani. Filta ikiwa na hiyo, ujue ni orijino. Feki hawaijui."

Nikanyoosha mkono, nikaweka kidole changu pembeni ya alama ya kiwandani. Kucha na tone, rangi moja. Fundi akatazama filta. Akatazama kucha. Akahesabu kucha zote, nadhani akitafuta hata moja ya rangi nyingine. Tochi ikaanza kucheza mkononi mwake.

Kabla hajapata la kusema, miguu miwili ikachomoza uvunguni mwa gari la jirani, kisha kiwiliwili, kisha meno yote nje.

"Mama mdogo! Umekuja kweli! Shikamoo! Fundi, ndiye yule mama niliyekuhadithia, yule aliyetuokoa Kiluvya!"

"Marahaba, mwanangu," nikasema, nikijifuta vumbi magotini. "Naomba chenji yangu."