Kusomea Uhamiaji kwa Kuhamahama: Faida Ipo, Ila Si Ile Inayotangazwa

Kila msimu wa maombi ya ufadhili unapokaribia, swali hili hurudi kwa vijana waliomaliza shahada ya kwanza ya sosholojia, sheria, siasa au lugha: je, nijaribu ile shahada ya uzamili ya uhamiaji, ile ya kusoma huku unahama nchi moja hadi nyingine? Inayotajwa sana ni EMMIR, kozi ya uhamiaji na mahusiano ya tamaduni iliyo chini ya Erasmus Mundus, mpango wa Umoja wa Ulaya ulioanza 2004. Kozi hii ilipokea wanafunzi wa kwanza 2011, ikiratibiwa na Chuo Kikuu cha Oldenburg, Ujerumani. Kilichoitenga na nyingine ni kwamba vyuo vya Afrika vilikuwamo tangu mwanzo: Chuo Kikuu cha Wanawake cha Ahfad kule Omdurman, Sudan, Makerere na chuo cha sayansi na teknolojia cha Mbarara, vyote viwili vya Uganda, pamoja na Stavanger ya Norwei, Nova Gorica ya Slovenia na Bohemia Kusini ya Jamhuri ya Czech. Ni miaka miwili, krediti 120, na mwanafunzi habaki mahali pamoja.

Mimi naiona inafaa. Hata hivyo, sababu zinazotolewa na wengi wanaoisifu, yaani ajira, marafiki wa kila pembe ya dunia na cheti chenye nembo nyingi, ndizo dhaifu kuliko zote. Na wanaoipinga wana hoja ambazo hazijibiwi kwa picha za mahafali.

Nianze na kinachonivutia, ambacho ni miji yenyewe. Chukua Stavanger. Leo ni mji wa mafuta, na watu huenda huko kutafuta kazi. Lakini Julai 1825 ndiko ilikong'oa nanga merikebu ndogo iitwayo Restauration, ikiwa imebeba watu 52 kuelekea New York, wengi wao wakikimbia kubanwa kwa sababu ya dini yao. Huo ndio unaohesabiwa kuwa mwanzo wa msafara mkubwa wa Wanorwei kwenda Marekani. Katika karne moja hivi iliyofuata waliondoka takriban 800,000, na nchi ilikuwa na watu wachache mno kuweza kupuuza pengo la namna hiyo. Mwanafunzi anayesikia mjadala wa wageni nchini Norwei akiwa ameketi katika bandari hiyohiyo anaelewa jambo ambalo kitabu hulitaja kwa mstari mmoja tu: nchi ya kutoka na nchi ya kufikia si aina mbili za nchi. Ni nchi ileile katika nyakati mbili.

Nova Gorica nayo ni somo la mpaka. Mstari uliochorwa 1947 uliuacha mji wa Gorizia upande wa Italia, na Yugoslavia ikajenga mji mpya jirani yake, mpaka ukipita mbele ya kituo cha treni. Uzio uliokuwa hapo uliondolewa 2004, Slovenia ilipoingia Umoja wa Ulaya. Ukaguzi wa pasipoti ukaisha Desemba 2007. Mwaka 2025 miji hiyo miwili ilishirikiana kuwa mji mkuu wa utamaduni wa Ulaya. Habari njema, basi? Subiri. Oktoba 2023 Italia ilirudisha ukaguzi katika mpaka wake na Slovenia. Hapo mtu anajifunza kwamba mpaka unaweza kulala bila kufa, na anajifunza kwa miguu yake. Ujerumani nako kuna historia ya vibarua walioitwa kwa mikataba, Waitalia kuanzia 1955 na Waturuki kuanzia 1961, kwa dhana kwamba wangefanya kazi kisha warudi kwao. Wengi hawakurudi, na wajukuu wao bado wanaulizwa wametoka wapi.

Kwa hiyo hoja ya kuhamahama ina mashiko. Sasa tazama upande wa pili wake. Muhula mmoja ni miezi mitano au sita, na wiki za kwanza huliwa na kutafuta chumba, kujiandikisha serikalini na kufungua akaunti ya benki. Masomo ni kwa Kiingereza. Mwanafunzi anaweza kumaliza muhula mzima Norwei au Slovenia bila kuwa na mazungumzo ya maana na mtu yeyote asiyehusika na chuo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwanafunzi wa kozi hizi huondoka kabla hajakabidhiwa jembe. Anabaki mgeni wa siku ya pili katika kila nchi, na baadaye anaandika tasnifu kuhusu namna wageni wanavyopokewa na wenyeji. Hili si dosari ndogo. Anayesoma uzamili wa uhamiaji katika chuo kimoja kwa miaka miwili huweza kujifunza lugha ya mahali, kujitolea katika ofisi ya msaada wa kisheria, kuona kesi ya mwomba hifadhi ikianza hadi ikiamuliwa. Huyo ana kina ambacho mwenzake wa kuhamahama hana, na sioni sababu ya kulificha hilo.

Wapo wanaojibu kwamba kina kinapatikana darasani, kwa sababu darasa lenyewe ni mkutano wa tamaduni. Hoja hii husikika vizuri, na inastahili kupimwa kwa kipimo cha fani yenyewe. Gordon Allport, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza 1954 kwamba kukutana tu kwa makundi tofauti hakuondoi chuki. Kunasaidia pale watu wanapokuwa na hadhi sawa, lengo moja, ushirikiano wa kweli katika kazi, na taasisi inayounga mkono usawa huo. Lengo moja lipo. Kazi za vikundi zipo. Taasisi inaunga mkono. Hadhi sawa ndiyo inayopwaya.

Tazama suala la viza. Mwanafunzi mwenye pasipoti ya Ulaya hupanda treni akafika. Mwenzake wa Kampala au Dhaka hungoja miadi ubalozini, hupeleka alama za vidole, na anapohamia nchi ya pili huanza upya kuomba kibali cha ukaazi, huku tarehe ya kufungua muhula ikimkaribia. Asiye na ufadhili hutakiwa kuonyesha Ujerumani kwamba ana fedha za kujikimu, na njia ya kawaida ni akaunti maalumu iliyofungwa. Tangu Septemba 2024 kiwango chake ni euro 11,904 kwa mwaka, na mwenye akaunti huruhusiwa kutoa euro 992 tu kila mwezi. Safari ikigeuka, Mzungu akija Uganda kwa muhula wa tatu, viza kwake ni fomu ya mtandaoni na malipo. Watu hawa wawili wanasoma makala zilezile kuhusu usawa wa haki ya kutembea. Nikiulizwa darasa hilo lina somo gani kubwa kuliko yote, nitasema ni hilo, na halimo kwenye ratiba. Mhadhiri mwenye busara huliweka mezani. Asiye nayo huwaachia wanafunzi walizungumze usiku bwenini.

Jambo la mtaala nalo linahitaji macho makali. Nadharia nyingi za uhamiaji zimejengwa juu ya takwimu za Ulaya na Marekani, kuanzia Ravenstein, mwanajiografia aliyeandika 1885 akitumia sensa za Uingereza. Ukisoma fani hii kwa mtazamo huo pekee utadhani watu wa dunia wote wako njiani kwenda Ulaya. Hesabu za Umoja wa Mataifa za 2024 zinaonyesha wahamiaji wa kimataifa milioni 304, ambao ni asilimia 3.7 tu ya watu wote duniani, na wakimbizi wengi hubaki katika nchi jirani na kwao. Uganda pekee inahifadhi zaidi ya milioni 1.7. Sheria yake ya 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kutembea, na katika makazi ya wakimbizi hugawiwa kipande cha ardhi, ingawa vipande hivyo vinazidi kupungua jinsi watu wanavyoongezeka. Tanzania ilitoa uraia kwa Warundi wapatao 162,000 waliokimbia 1972. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 ulipanua maana ya mkimbizi kupita ule wa Umoja wa Mataifa wa 1951: anayekimbia vita au machafuko makubwa anatambuliwa, hata kama hakuna aliyemlenga yeye binafsi.

Haya yakifundishwa kama mifano ya pembeni baada ya nadharia kuisha, ushirika wa Ulaya na Afrika unabaki kuwa wa kwenye nembo. Yakifundishwa kama chemchemi ya nadharia, kozi inakuwa na kitu ambacho chuo kimoja cha Ulaya hakiwezi kukitoa peke yake. Hapo ndipo ninapoiona EMMIR na zinazofanana nayo zimezizidi shahada za kawaida, kwa sharti kwamba wahadhiri wa Kampala na Mbarara wanasimamia tasnifu na kusahihisha, hawaishii kupokea wageni na kuwapeleka kambini.

Na kambini kwenyewe kuna kasoro inayoniudhi. Mafunzo kwa vitendo ni ya wiki chache. Mwanafunzi anafika na dodoso, anahoji, anaondoka. Wakimbizi wa makazi maarufu wamekwishahojiwa mara nyingi na watu ambao hawakurudi hata kuwaambia walichoandika. Kuna waliojifunza majibu ambayo watafiti hupenda kuyasikia. Mwanafunzi wa kigeni hutegemea mkalimani, mara nyingi mkimbizi mwenzao, na hajui kilichopunguzwa au kulainishwa njiani.

Msemaji wa Kiswahili hapa ana mtaji ambao wengi hawaujui thamani yake. Nakivale, makazi yaliyofunguliwa 1958 katika wilaya ya Isingiro, si mbali na Mbarara, yana Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali, na Kiswahili kinazungumzwa sana humo. Kambi za Nyarugusu, Kigoma, na Kakuma, Kenya, vilevile. Anayeweza kuketi na mama wa Kikongo akamsikiliza bila mtu wa kati, akatambua anapoongea kwa mafumbo na anaponyamaza kwa makusudi, anapata utafiti ambao wenzake wa vyuo vikubwa wangeulipia. Inasikitisha kuona maombi ya vijana wetu yamejaa sifa za uongozi wa klabu za shule, na lugha zao nne wamezitaja kwenye mstari wa mwisho.

Vita vya Sudan viliiongezea fani hii ukweli mchungu. Vilianza 15 Aprili 2023, na Omdurman ikageuka uwanja wa mapigano. Ahfad, chuo kinachorudisha mizizi yake kwenye shule ya wasichana aliyoifungua Babiker Badri mwaka 1907, kilisimamisha masomo chuoni, na watu wake wakatawanyika kama mamilioni ya Wasudani wengine. Waliokuwa wanafundisha kuhusu kufurushwa wakafurushwa. Ushirika wa vyuo unapimwa katika saa kama hiyo: je, washirika wa Ulaya wanamhesabu mwenzao kuwa mwalimu, au anageuka mada ya semina?

Kuhusu ajira nitakuwa mfupi. Soko lililowavutia wengi, la mashirika ya kibinadamu, limepigwa vibaya. Marekani ilizuia misaada yake ya nje Januari 2025, na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya wakimbizi na ya uhamiaji yakapunguza maelfu ya nafasi za kazi. Anayekwenda kwa matumaini ya gari jeupe lenye bendera ya buluu afikirie tena. Halmashauri za miji, mahakama, vyombo vya habari, shule na vyuo bado vinahitaji watu wanaoelewa uhamiaji, ila havitangazi nafasi kwa jina hilo.

Lipo pia lile la kubaki huko. Ujerumani humpa mhitimu wa vyuo vyake hadi miezi 18 ya kutafuta kazi inayolingana na elimu yake, na baadhi hubaki. Wanaolalamika kwamba bara linapoteza wasomi wana haki ya kulalamika. Lakini siwezi kumsomesha mtu miaka miwili akijifunza kwamba binadamu wamehama tangu zama na zama, kisha nimhukumu kwa kuhama. Ninachokihoji ni kitu kingine: ufadhili unapotolewa kwa jina la ushirikiano na Afrika, kisha utafiti wote, machapisho na ajira vikabaki kaskazini, aliyefaidika ni nani?

Fedha ndizo zinazoamua kwa wengi. Mwenye ufadhili kamili wa Erasmus Mundus hupata euro 1,400 kwa mwezi kwa muda usiozidi miezi 24, na humo ndimo hutoka nauli, viza, kodi ya nyumba na chakula. Zinatosha kwa asiye na tegemezi wengi nyumbani. Ushindani ni mkali, na kwa kawaida hakuna taifa moja linaloruhusiwa kuchukua zaidi ya asilimia 10 ya nafasi za ufadhili, kwa hiyo kukosa si lazima kuwe na maana kwamba maombi yalikuwa mabaya.

Aliyekubaliwa bila ufadhili yuko kwenye hesabu tofauti kabisa. Kwake kuhamahama ni gharama juu ya gharama: dhamana mbili za nyumba, vibali viwili, nauli za kila muhula, na hakuna muda wa kutulia apate kazi ya saa chache. Huyo ningemshauri aombe tena mwaka unaofuata, au asome uzamili Makerere au chuo kingine cha karibu na makazi ya wakimbizi, afanye utafiti wa uwandani kwa kina, kisha Ulaya aitafute kwa shahada ya uzamivu, akiwa na data zake mkononi na swali ambalo msimamizi wa huko atalihitaji.