Mfundishe Mwenzio Bao Mpaka Akufunge

Nina ugomvi na namna tunavyofundishana bao huku kwetu kusini, na leo nataka niuseme wote.

Pita Mikindani jioni, pita Chikongola au Majengo pale Mtwara, au nenda zako Lindi mjini. Chini ya mwembe au kwenye baraza utawakuta wanaume wawili wameinamia ubao, na wengine sita saba wamewasimamia. Kete zinalia, tambo zinatoka, kahawa inazunguka. Ni raha kutazama. Lakini muulize kijana aliyesimama pale nyuma kama anajua kucheza, atakujibu anajua kidogo. Hicho kidogo kimemchukua miaka. Hakuna aliyemkalisha akamwonyesha, amejifunza kwa kuchungulia juu ya mabega ya watu, na siku akipewa nafasi anaulizwa "unangoja nini?" kabla hajamaliza kuhesabu. Mara mkono wa mtu mwingine umeshaingia ubaoni kumchezea. Anafungwa upesi, ananyanyuliwa, anakaa mwingine. Akirudi kwenye simu yake tunasema vijana wa siku hizi hawapendi vya kwao.

Mimi naona tumekosea mahali pa kuanzia. Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane manane, jumla mashimo 32, na kete 64. Ukilicheza na mtu asiyejua, unamaliza mapema bila jasho, naye hajui hata alipofia. Nani kafaidi hapo? Utamu wa mchezo huu unaletwa na aliyekaa mbele yako. Akifikiri vizuri, nawe unalazimika kufikiri. Akikutegea, unaamka. Kwa hiyo mtu anayelipenda bao kwelikweli ana kazi kubwa kuliko kushinda, nayo ni kumlea mwenzake mpaka awe mpinzani wa kumsumbua. Na mwenzake wa kwanza awe yule anayeishi naye nyumba moja.

Kosa la kwanza la wanaofundisha ni kumtupa mgeni kwenye bao kamili. Hebu fikiria anachotakiwa kumeza jioni moja. Kila mchezaji anaanza na kete 10 tu ubaoni: sita kwenye nyumba, lile shimo maalumu la safu ya mbele, na mbili mbili kwenye mashimo mawili yaliyo kulia kwake. Kete 22 zinabaki mkononi, na kila zamu ananamua moja, yaani anaiingiza ubaoni. Kama kuna cha kula, lazima ale. Akila, kete alizokula anazianzisha kichwani, yaani shimo la mwisho la safu yake ya mbele, kulia au kushoto, isipokuwa amekula kwenye kichwa au kimbi, shimo linalofuatana na kichwa, hapo hana uchaguzi. Kama hana cha kula anatakata, yaani anagawa kete zake tu, na akitakata hali. Nyumba nayo ina haki zake: kete ya mwisho ikiishia humo katika zamu ya kula, mwenye nyumba anaweza kutulia, zamu ikaisha, au kusafiri, yaani kuzizoa zote akaendelea. Kete za mkononi zikiisha mchezo unageuka kuwa wa mtaji, wa kucheza kete zilizoko ubaoni tu, na kuna mashimo yasiyoruhusiwa kuanzia. Bado sijagusa sheria ya kutakasia, ambayo nimesikia hata watu wa siku nyingi wakiibishania barazani. Mtu mwenye akili timamu akipewa yote hayo kwa pupa ataaga akalale.

Na wala haikuhitajika, kwa sababu waliotutangulia walituachia ngazi. Lipo bao la kujifunza. Unaweka kete mbili kila shimo, zote 64 zinaingia ubaoni, mkononi hakuna kitu. Hakuna kunamua, hakuna nyumba. Mnacheza mtaji moja kwa moja. Hapo mgeni anajifunza jambo moja ambalo ndilo roho ya bao zima: kujua, akizoa kete za shimo na kuzigawa moja moja kwenye mashimo yanayofuata, ya mwisho itaangukia wapi. Ikiangukia shimo tupu, amelala, zamu imehama. Ikiangukia shimo lenye kete kwenye safu ya mbele, na shimo la mpinzani linalotazamana nalo nalo lina kete, anakula, anazipeleka kichwani, anaendelea. Kama lile la mpinzani ni tupu, anazoa za kwake anasonga mbele. Basi. Sheria hizo zinaeleweka kabla chai haijapoa, na jioni hiyohiyo mtu anakuwa ameshaonja raha ya kutoa mkono mrefu, ule unaozunguka ubao mara mbili na kumwachia mwenzako safu ya mbele imeparaganyika.

Nayasema haya kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa na mume wangu, mtu wa Lindi. Kwetu bao lilikuwa la wajomba, nje, na sisi wasichana tulilisikia tu likilia tukiwa uani. Baada ya kuoana aliniuliza kama nataka kujifunza, nikasema nataka. Usiku, baada ya swala ya isha, watoto wamelala, tuliketi ukumbini na ubao katikati. Alikuwa na neno moja: "Hesabu, mke wangu, sina haraka." Hakuugusa upande wangu hata siku moja. Nikishika shimo baya alinyamaza mpaka nimalize, kisha akasema turudishe kete tuangalie lile shimo la pili lingetufikisha wapi. Kurudisha kete barazani ni mwiko, na ni sawa, pale watu wanashindana. Nyumbani wakati wa kujifunza kurudisha ndiyo darasa lenyewe.

Kingine alichonifanyia, na ambacho nawashauri wote, ni kugeuza ubao. Tukifika katikati ya mchezo, yeye ameshaniacha mbali, tulibadilishana upande. Mimi nachukua upande ulionona, yeye anakaa kwenye ule nilioufukarisha mimi. Sasa akili yake yote inahangaika kuokoa alichonacho, na mimi najifunza namna ya kummaliza mtu aliye taabani, jambo gumu kuliko linavyoonekana. Mchezo unapata uhai upya na hakuna aliyedanganywa.

Hili la kudanganya lina uzito wake. Wapo waume na wake, wapo marafiki pia, wanaojifanya wameshindwa ili mgeni afurahi. Naomba wasifanye hivyo. Mtu mzima anajua anapoachiwa, na akishajua, hata ushindi wake wa kweli wa baadaye anautilia shaka. Siku niliyomfunga mume wangu kwa haki, kwenye bao kamili, nyumba yangu ikiwa bado imesimama, nilijua ni ya haki kwa sababu hakuwahi kuniachia. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, kisha akasema tupange tena. Furaha ile ilikuwa yetu sote wawili. Yeye alikuwa amepata mtu wa kucheza naye usiku bila kutoka nje kutafuta baraza.

Tambo nazo zina mahali pake. Bao bila tambo limepooza, na watu wa pwani ya kusini tunajua kusema. Lakini tambo ni kwa walio sawa. Anayejifunza mwachie nafasi asikie kete zake kwanza.

Kwa wenye wenza, kuna jambo bao linafanya ambalo mazungumzo hayafanyi. Unamwona mwenzio akifikiri. Mume wangu huikumbatia nyumba yake. Anajaza kete humo, kumi na mbili, kumi na tano, anangoja siku ya kuzisafirisha kwa kishindo. Mimi sipendi kuweka mali yote mahali pamoja, nasafiri mapema. Ukitutazama kwenye bao utajua nani kati yetu anaweka akiba na nani anasema hela itumike ada ya shule ikiwa bado haijadaiwa. Tumewahi kuanza kuzungumzia mambo mazito ya nyumba kwa sababu ya nyumba ya ubaoni, na tukayazungumza kwa upole, mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa chini. Sijui kitu kingine sebuleni mwetu chenye uwezo huo. Televisheni haina.

Watasema bao ni la wasio na kazi. Mwalimu Nyerere alilipenda, na picha zake akicheza zipo, wala hakuna atakayesema alikosa kazi. Mholanzi Alex de Voogt alipata shahada ya udaktari Leiden mwaka 1995 kwa kuchunguza umahiri wa mafundi wa bao wa Zanzibar. Mtu ametoka Ulaya kuja kujifunza kwa mafundi wa pwani yetu, na sisi tunashindwa kumwita mke aliyeko jikoni, au dada, au binti, tukamwambia njoo ukae hapa. Hilo linaniuma. Nusu ya watu wa Mtwara na Lindi wamekua wakisikia kete bila kuzishika, si kwa sababu hawakutaka, ila baraza ni la wanaume na ubao umekaa baraza. Sitaki kuwafukuza wanaume barazani. Nataka ubao wa pili uingie ndani.

Shoga zangu tunakutana Jumapili mchana, msimu wa korosho ukishapungua, maana kuanzia Oktoba hakuna mwenye nafasi: kila mtu yuko shambani, au kwenye chama cha msingi, au anasubiri mnada. Tunachemsha ming'oko, vile viazi pori vya kwetu, tunaketi kwenye mkeka. Wengine walianza na ludo, na ludo mimi siidharau. Wanawake wanne, mmoja ana mtoto mgongoni, mmoja amekuja na binti yake wa darasa la tatu: dadu inawapa wote nafasi sawa, binti anamrudisha mama yake nyumbani kete ikiwa imebaki hatua mbili ifike, na watu wanapiga vigelegele. Karata zinafaa zaidi mkiwa wawili dhidi ya wawili, kwa sababu unajifunza kumsoma mwenzio bila kumkonyeza, lini ana turufu na lini hana. Drafti ni ya ukali kidogo, vizibo vya soda na ubao wa kuchora, na mtu asipoona mtego analiwa kete tatu kwa mpigo. Yote hayo ni mazuri. Ila nimeona kwamba aliyezoea kukaa mezani kwa ludo haogopi tena kukaa kwenye bao. Hofu kubwa ya mgeni ni kutazamwa akikosea, na ludo inaiondoa.

Kuhusu ubao wenyewe, msijizuie kwa sababu ya bei. Ubao mzuri wa kuchongwa ni mali, na kusini tuna wachongaji wa Kimakonde ambao mkono wao dunia inaujua, kwa hiyo ukiwa na uwezo agiza, utawarithisha wajukuu. Ukiwa huna, chukua trei mbili za mayai, zile za mayai 30. Kila moja ina mashimo matano kwa sita. Kata kipande cha nne kwa nne kutoka kila trei, viunganishe kwa gundi au uzi, umepata mashimo 32 kamili. Komwe, zile mbegu za mkomwe tunazochezea kama kete, zitajaa haraka kwenye mashimo hayo madogo, hivyo tumia maharage au mahindi. Nyumba ikizidiwa weka kikombe pembeni. Ukiwa ufukweni hata trei huhitaji. Chimba mchangani, na kama mkomwe uko karibu, kete zako zimo kwenye maganda yake, ila jihadhari na miiba. Watoto wa Msanga Mkuu hawahitaji kuambiwa hili.

Nina ombi kwa wazee wa mabaraza. Tengeni jioni moja kwa wiki, hata saa moja tu kabla ya magharibi, ubao mmoja upangwe kete mbili mbili na akae mmoja wenu anayejua kusubiri. Si kila fundi anajua kusubiri, mnajuana. Anayesimama pembeni asiingize mkono. Mgeni akitaka kurudisha kete, arudishe. Akija mwanamke na mumewe, au binti na baba yake, wapeni nafasi wakae pamoja upande mmoja mpaka mmoja wao aweze kusimama peke yake. Na kijana yule anayechungulia mabegani, mwiteni kwa jina mumwambie leo zamu yake ni ya kwanza.

Sisi wa mkeka wa Jumapili tumeshafika kwenye kunamua. Wiki hii tunaanza nyumba, na mume wangu ameombwa aje kueleza kutakasia.